Kona Hii Bei Gani?

"Elfu arobaini! Kwa kila mlango, kila mwezi, juu ya hiyo tunayolipa sasa! Mzee, hesabu hiyo umeiota au umelogwa?"

Mpiga kelele huyo ni mimi. Hapa kijiweni naitwa Cheche, kwa kuwa kazi yangu ni kuchomelea vyuma, ingawa wapo wanaosema jina lilitokana na mdomo. Ufundi sikufundishwa na mtu. Niliungua mpaka nikajua. Kijiwe chetu ni benchi refu nililoliunga mwenyewe kwa mabaki ya mageti ya watu, na liko barazani pa nyumba ya kona, chini ya mshale mwekundu waliouchora wapimaji ukutani siku waliposema kituo cha treni kitakuwa hapa mbele. Mwenye nyumba tunamwita Mwenye Kona. Baraza ni lake, vyumba vyetu ni vyake, na tukimwachia atadai hata kivuli. Kushoto kwake hukaa Redio, kinyozi wa chumba cha mbele, ambaye habari zake zote hutoka kwenye vichwa anavyonyoa. Kulia hukaa Konda, mzee wa chumba cha uani, aliyekata tiketi za basi mpaka sauti ikaota kutu. Anayemimina kahawa ni Shangazi. Shangazi wa nani, hakuna anayejua, ila ukimkosea adabu utajua ni wa wote. Na ukitazama bondeni unaziona nguzo za reli: zimekuja, zimekuja, halafu zimekoma, nondo zimechomoza vichwani kama nywele za mtu aliyekatizwa usingizi. Pesa ziliishia pale.

Mwenye Kona: Cheche, shusha moto. Sijasema napandisha. Nimesema nitapandisha ikibidi.

Mimi: Ikibidi nini?

Mwenye Kona: Msipokuja nami kesho manispaa. Wananidai mchango wa treni, milioni mbili. Nimepinga, na kesho wananisikiliza. Ninachowaomba ni kitu kidogo tu. Mje mseme, ninyi mnaokaa hapa, kwamba kona hii haijapanda thamani hata senti. Wakinifutia, kodi inabaki palepale. Wasiponifutia, nitazitoa wapi? Zitatoka milangoni mwenu.

Shangazi: Subiri kwanza. Treni haijaja, inadaije?

Redio akajiweka sawa. Mtu akiuliza swali mbele yake, yeye huona ni mteja amekaa kitini.

Redio: Shangazi, tulia nikunyoe polepole. Treni ikipita mahali, ardhi ya jirani inapanda bei. Sawa? Mwenye ardhi hajachimba, hajajenga, hajafagia. Kalala na kiwanja, kaamka na mali. Manispaa inasema, katika hicho kilichoongezeka ukiwa umelala, toa kipande. Vipande vya wote walio kando ya reli ndivyo vitakavyoimalizia reli.

Konda: Yaani yai ndilo linalomnunua kuku.

Redio: Na kuku bado yuko njiani.

Mwenye Kona: Haya! Mnaona wenyewe! Kwani nimeuza? Sijauza. Paa ni lilelile, linavuja palepale. Hiyo thamani wanayoisema iko wapi, nionyesheni. Nikiipeleka dukani nitapewa sukari?

Hapo, kusema kweli, alikuwa na neno. Mtu hali bei ya nyumba yake. Lakini mimi chuma kikipinda nakiona kabla ya kukiwekea rula, na maneno yale yalikuwa yamepinda mahali.

Mimi: Mzee, mara ngapi umetupandishia kodi tangu mshale huu uchorwe?

Mwenye Kona: Aah, hayo ni mambo ya maisha. Vitu vimepanda.

Mimi: Vitu gani? Mara ya kwanza ulisema, "Vijana, mtakuwa mnakaa mlangoni mwa treni." Mara ya pili ukasema, "Kuna watu wanakitaka hiki chumba, kwa sababu ya treni." Mara ya tatu hukusema kitu. Ulinyoosha kidole ukutani, ukaondoka.

Konda: Alinyoosha. Mimi nilikuwa shahidi, na shahidi naye akapandishiwa.

Mwenye Kona: Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

Shangazi: Sasa hiyo inaingiaje hapo?

Mwenye Kona: Inaingia vizuri. Kodi iko juu. Ingojeni.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Jumapili jioni huwa sicheki, maana ndiyo saa ninayorudi kutoka kumsindikiza mke wangu kituo cha basi. Yeye ni muuguzi, na hospitali yake iko ng'ambo ya bonde, kule reli ilikoanzia. Ukipanda juu ya paa la karakana yangu unaliona tangi la maji la hospitali, jeupe, dogo kama ngumi. Unadhani ukinyoosha mkono utaligonga. Lakini kwa basi ni kulizunguka bonde zima, kushuka, kupanda jingine, kungoja lijae. Kwa hiyo hulala huko huko, bweni la wauguzi, kitanda cha juu. Jumamosi anakuja, Jumapili anaondoka. Nilihamia kona hii kwa sababu ya mshale ule. Kule mitaa ya nyuma vyumba vilikuwa rahisi, tena vikubwa. Nikamwambia, mama, tulipe zaidi kidogo, treni ikianza utakuwa unalala kwako. Tangu siku hiyo kila akija, kabla hajavua viatu, anaiulizia reli kama mtu anavyomuulizia mgonjwa. "Inaendeleaje?" Namjibu, "Bado ipo vilevile." Anasema, "Haya, Mungu atajalia." Ndiyo salamu ya nyumba yetu.

Leo hakuuliza. Alikuja jana hakuuliza, na leo ameondoka hajauliza. Aliniachia chakula cha kesho kimefunikwa sahani, akafunga viatu, tukaenda kungoja basi.

Shangazi: Mkwe wangu ameshaondoka?

Mimi: Ameondoka.

Shangazi: Hajambo lakini?

Mimi: Hajambo.

Akanijazia kikombe mpaka ukingoni, jambo ambalo halifanyi kwa mtu yeyote.

Redio: Mimi nina habari. Juzi nimenyoa kichwa kimoja cha mtu mkubwa, kina mikunjo kisogoni kama godoro. Huyo bwana anasema treni ipo tayari. Inaendeshwa kule ng'ambo bila abiria, ili reli zizoee.

Konda: Reli haizoei kitu. Anayezoea ni abiria.

Redio: Na tena anasema hii habari ya thamani ni kubwa kuliko mnavyodhani. Kitu chochote kizuri kikikaa mahali, jirani anapanda bei. Sasa nijiulize: mtaa huu wote nani anaunyoa? Mimi. Watu wanapendeza, mtaa unapendeza. Nani anafaidi? Wenye nyumba. Basi walete kipande changu!

Shangazi: Na harufu ya kahawa yangu je? Upepo ukielekea kule, lile ghorofa la jirani linapanda bei. Kila wakifungua dirisha nawadai.

Konda: Mnacheza ninyi. Tajiri ni mimi. Miaka yote nilikuwa natangaza vituo. Mahali hapana jina, nikapaita, watu wakaanza kushuka. Waliposhuka wakahitaji duka. Duka likaita nyumba. Nusu ya mji huu imepanda kwa koo langu.

Redio: Haki ya koo ilipwe!

Mwenye Kona: Na mimi ninayewavumilia barazani kwangu? Ninyi mnaishusha kona. Mchango ungekuwa wa haki, ninyi ndio mngenilipa hasara.

Shangazi: Hasara ya kunywa kahawa yangu bure tangu hujaota mvi.

Mwenye Kona: Hiyo ni kodi ya baraza.

Konda: Turudi kwenye kesho. Mimi naona tusiseme imepanda, tusiseme haijapanda. Tuseme imechuchumaa.

Redio: Hapana, wale watu wana macho. Watasema twende tukaione. Dawa ni moja, waikute imechakaa. Tumwage majivu barazani. Cheche atandaze vyuma vyake mpaka njiani. Konda alale hapa kwenye benchi mdomo wazi. Na la kwanza kabisa, tuufute huu mshale. Hakuna mshale, hakuna kituo. Hakuna kituo, hakuna thamani. Wahenga walisema, mficha uchi hazai!

Akainuka. Mtu huyu akishikwa na wazo haliachi mpaka limwangushe. Akachukua kitambaa chake cha begani, akakichovya kwenye maji ya kusuuzia vikombe, akaupelekea ukuta mkono.

Sijui nani alikuwa wa kwanza. Shangazi aliruka na birika mkononi. Konda alimdaka shati. Mimi nilikuwa nimeshasimama kati yake na ukuta, na sikumbuki kuinuka. Lakini sauti iliyotufunika wote ilikuwa ya Mwenye Kona.

Mwenye Kona: Usiuguse! Weka kitambaa chini! Nasema weka, wewe!

Tukamgeukia. Mzee alikuwa ameshainuka, kidole kimeuelekea mshale.

Mshale ule ni lazima niueleze. Nyumba ilipopakwa rangi mpya, mzee alimwambia fundi wa rangi aruke pale, kwa hiyo mshale umekaa ndani ya kiraka cha ukuta wa zamani kama picha kwenye fremu. Mvua za masika huufifisha. Zikikatika, mimi nachukua rangi yangu nyekundu, ile ya kuzuia kutu, naupitia upya. Hakuna aliyenituma. Mwenye Kona akiniona huwa hasemi neno. Anakuja kunishikia kopo.

Shangazi: Mzee wangu, kama kona haina thamani, kinakuuma nini kikifutwa hicho kialama?

Mwenye Kona akakaa. Aliposema tena hakuwa mwenye nyumba, alikuwa babu wa watu.

Mwenye Kona: Wajukuu zangu wako kule ng'ambo, nyuma ya hospitali. Mama yao anasema yale mabasi yanavyozunguka, watoto wanatapika. Yule mdogo hajawahi kuiona nyumba hii. Ananiuliza kwenye simu, babu, mlango wako una rangi gani? Namwambia kijani. Kesho yake ananiuliza tena. Mnadhani siitaki treni? Naitaka kuliko ninyi wote.

Mimi: Sasa mbona huichangii?

Mwenye Kona: Kwani mimi ndiye wa kuanza? Mwenye ghala amepinga. Mwenye ghorofa amepinga. Yule wa kituo cha mafuta amepeleka wakili mwenye tai. Nikilipa peke yangu si nitakuwa mjinga wa njia nzima? Wao wakilipa itakuja. Ikija, na mimi nitapanda.

Konda akacheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi.

Konda: Hiyo naijua. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Unamfuata wa mbele, anakwambia nauli iko nyuma. Unamfuata wa nyuma, anakwambia imeshalipwa mbele. Unasimama katikati ya gari na mkono mtupu, wote wanatazama dirishani. Na dereva naye anakuuliza, tuondoke? Tuondoke na nini?

Redio alirudi kukaa na kitambaa chake kinachotona. Shangazi akaliinamisha birika juu ya kikombe cha Konda, likatoa tone na mashapo.

Shangazi: Imekwisha, jamani.

Kwa kawaida yetu, birika likikauka Konda husimama. Ndivyo tunavyofunga kijiwe. Akajishika kiuno, akanyooka kidogo kidogo, akaweka kiganja kando ya mdomo.

Konda: Haya, tunaondoka! Hospitali, Hospitali! Wa Sokoni asogee mlangoni! Darajani hapo, mama, mshike mtoto! Konaaa! Kona, mwisho wa reli, shukeni taratibu, msisahau mizigo!

Siku zote tunapiga makofi na kila mtu anashika njia yake. Leo mikono ilibaki mapajani. Tulikuwa tunatazama bondeni, wote, hata Mwenye Kona, kule penye nondo zile, kama watu waliosikia kitu kinakuja. Mimi nilipomsikia anaita Hospitali nilimwona mtu akipanda, ana viatu vyeupe, na nikamfuata kituo kwa kituo.

"Samahani, kwani treni imeshaanza?"

Tukashtuka. Mbele yetu alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, mkoba begani, viatu vimeshika vumbi la kutembea mtaa baada ya mtaa.

Mgeni: Shikamooni wazee. Nimesikia mnaita vituo, nikajua imeanza.

Konda: Marahaba, mama. Bado. Tulikuwa tunajizoeza.

Mgeni: Basi mimi nimewahi. Natafuta mahali pa kufungua duka la dawa, kabla watu hawajajaa. Huo mshale wenu nimeuona tangu kule barabarani. Nyumba hii ya nani?

Mkono wa Mwenye Kona ukapanda wenyewe, kama wa mwanafunzi.

Mwenye Kona: Yangu.

Mgeni: Kona hii bei gani?

Swali jepesi. Hata mtoto akitumwa vitunguu anauliza hivyo. Mzee akafungua mdomo, na nikaona macho yake yaking'aa. Ile namba ilikuwa imeshafika kwenye meno. Kisha akatutazama. Mashahidi wake wa kesho tulikuwa tumekaa mstari mmoja, na masikio tulikuwa nayo. Akitaja ya juu, tumeisikia. Akitaja ya chini, mama yule alikuwa na mkoba begani, angeinunua kwa hiyo hiyo. Akaufunga mdomo.

Mwenye Kona: Eeh... mwanangu, hebu tusogee pale pembeni.

Mimi: Hapa hapa, mzee. Hakuna mtu baki.

Mwenye Kona: Haiuzwi.

Mgeni: Sijasema uniuzie leo, baba. Nimeuliza bei.

Mwenye Kona: Inategemea.

Mgeni: Inategemea nini?

Akamgeukia Redio. Redio, ambaye hajakosa jibu tangu aliponyonyeshwa, alikuwa anakamua kitambaa ambacho hakikuwa na maji tena. Akamgeukia Konda. Konda alikuwa anatazama dirishani, na pale hapakuwa na dirisha. Shangazi alikuwa anasuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa.

Mgeni akangoja. Alikuwa mtu mstaarabu, alingoja zaidi ya inavyopasa.

Mgeni: Basi nitapita tena wiki ijayo. Mkishaijua mtaniambia.

Akaenda. Alipofika kwenye mtaro aligeuka, akautazama tena mshale, akatabasamu peke yake, akaendelea.

Tulibaki na birika tupu. Huko bondeni jua lilikuwa limezishika zile nondo, zikawa nyekundu kama zimetoka kwenye moto wangu. Chuma kikikaa nje namna ile, kutu inakila kutoka ndani. Watu hawajui hilo. Wanaona nguzo imesimama, wanadhani inangoja.

Mwenye Kona: Kwa hiyo kesho. Mnakuja, au hamji?

Aliuliza kwa sauti ndogo, na alikuwa ananiuliza mimi. Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Nilikuwa nawaza sahani iliyofunikwa, na mtu aliyefunga viatu bila kuuliza. Mgonjwa ukiacha kumuulizia, maana yake umeshamzika.

Mimi: Nitakuja. Wakiniuliza, nitasema imepanda.

Mwenye Kona: Basi na elfu arobaini itapanda.

Mimi: Hiyo hupati. Ulishaichukua. Mara tatu umekuja mlangoni kwangu kwa jina la treni, nikakupa. Sikukupa wewe, mzee. Niliipa treni, wewe ukaipokelea. Haijafika.

Konda: Hata yangu haijafika.

Redio: Na yangu.

Mwenye Kona akatutazama mmoja mmoja, kisha akautazama ukuta wake.

Mwenye Kona: Mnataka niwarudishie?

Mimi: Hapana. Nikirudishiwa, mke wangu atakuja nayo wapi? Pesa haina kiti cha kukalia. Manispaa inafunguliwa asubuhi, tutakwenda wote. Ile ya treni uliyopokea kwetu, ipeleke ilikokuwa inakwenda. Kalipe.